Mchoraji wa Katuni za Michezo na Riziki Yake Magazeti Yanapopungua

Ukurasa huu wa familia umezoea kuzungumza juu ya riziki za watu ambao kazi zao zinafahamika: mwalimu, fundi cherehani, mama lishe, dereva wa daladala. Wiki hii tumependa tumtazame mtu ambaye kazi yake huonwa na wengi kabla hawajasoma neno hata moja la gazeti, lakini ni wachache waliopata kujiuliza anakula nini. Huyu ni mchoraji wa katuni za michezo, na hasa yule wa kujitegemea, asiye na mkataba wa ajira, anayelipwa kwa kila mchoro uliochapishwa na asiyelipwa kwa ule uliobaki katika bahasha.

Tunaye mmoja miongoni mwa jamaa zetu wa Mbagala. Hatumtaji jina kwa kuwa yeye mwenyewe ameomba iwe hivyo, maana wahariri wanaomdai kazi na wanaodaiwa naye fedha ni watu walewale. Ana umri wa miaka arobaini na ushei, ni baba wa watoto watatu, na amekuwa akichora tangu enzi ambazo mtu alipanda daladala mbili kutoka Mbagala hadi Sinza au Mikocheni, bahasha ya kaki imebanwa kwapani isilowe na mvua, ili amkabidhi mhariri wa michezo mchoro mkononi. Tulipomwendea baada ya swala ya Alasiri alituuliza, "Ustaadhi, mnataka habari za katuni au habari za njaa?" Tukamwambia zote mbili.

Kazi hii ina nasaba yake hapa nchini. Wazee waliokuwa wakisoma Uhuru, gazeti lililoanza mwaka 1961, wanamkumbuka Chakubanga, yule mhusika aliyebuniwa na Christian Gregory, ambaye aliwachekesha watu huku akiwaonyesha tabia zao wenyewe. Baadaye likaja jarida la Sani, ambalo jina lake limeungwa kutokana na majina ya waasisi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo vijana wa mijini walikutana na Lodi Lofa, Kipepe na Ndumilakuwili, na humo ndimo lilimokua jina la Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986. Ndugu yetu wa Mbagala anasema alijifunza kuchora kwa kunakili kurasa za Sani juu ya karatasi za kufungia maandazi, na kwamba mama yake aliziona karatasi hizo kuwa ni hasara mara mbili: maandazi yalikosa pa kufungiwa, na mtoto alikosa kusoma.

Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992 na milango ya magazeti binafsi kufunguka, wachoraji walipata soko ambalo baba zao hawakuliona. Mwaka huohuo Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyewahi kusomea usanifu majengo na anayefahamika kwa jina la Gado, alikwenda Nairobi kuchorea kampuni ya magazeti ya Nation, akakaa huko zaidi ya miaka ishirini hadi walipoachana mwaka 2016. Hapa nyumbani Ali Masoud alimchora panya mdogo mwenye maneno makali, na panya huyo akampa mchoraji wake jina analoitwa na nchi nzima, Masoud Kipanya. Kisha yakafuata magazeti ya michezo matupu: Dimba, Bingwa, Mwanaspoti, Championi. Katika hayo katuni haikuwa pambo. Msomaji wa Temeke aliyekuwa na fedha ya gazeti moja tu alilipindua kwanza atazame watani wamechorwa vipi, ndipo aamue kulinunua au kulirudisha mezani.

Tunasema watani kwa makusudi. Yanga iliyoasisiwa mwaka 1935 na Simba iliyoasisiwa mwaka 1936 zinaitwa watani wa jadi, na utani ndio malighafi ya kazi hii. Simba ilipoifunga Yanga mabao matano kwa bila tarehe 6 Mei 2012, vidole vitano vya mkono vilichorwa kila mahali kwa miaka zaidi ya kumi. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikajibu kwa mabao matano kwa moja, na vidole vilevile vikahama kutoka Msimbazi kwenda Jangwani. Mchoraji hakuhitaji kuandika neno. Mkono mmoja uliofunguliwa ulitosha kumkasirisha nusu ya mji na kumfurahisha nusu ya pili.

Msomaji hajui namna mchoro ule unavyopatikana. Mechi kubwa ikichezwa jioni katika Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Temeke, humalizika wakati kurasa za gazeti zinakaribia kufungwa. Mhariri hawezi kumngoja mchoraji arudi nyumbani, awaze, achore, apake wino na kutuma. Kwa hiyo mchoraji huchora mapema katuni mbili, moja Simba imeshinda na nyingine Yanga imeshinda, na aliye mwangalifu huongeza ya tatu ya sare. Filimbi ya mwisho ikilia moja hutoka, na mbili hutupwa. Malipo ni ya hiyo moja. Ndugu yetu analo sanduku la bati chini ya kitanda lililojaa mechi ambazo hazikutokea, na watoto wake wanazijua vizuri kuliko zile zilizotokea.

Tarehe 8 Machi 2025 yalimkuta makubwa zaidi. Usiku wa kuamkia mechi, Simba ilizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi, ikatangaza kutocheza, na siku ya pili mchezo ukaahirishwa. Michoro yake mitatu, ushindi wa huku, ushindi wa kule na sare, ilikufa yote kwa mara moja. Alikaa akachora ya nne, basi limesimama mbele ya lango lililofungwa na mlinzi amelala juu ya funguo, akaituma kwa simu kabla ya Magharibi. Mchezo wenyewe ulikuja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda mabao mawili kwa bila, na hapo tena alikuwa amechora mitatu.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuweke mfano, usiohusu gazeti lolote, ili wanafamilia wanaosoma ukurasa huu waone jinsi mambo yanavyokwenda. Mchoro mmoja ukilipwa shilingi 15,000 na mchoraji akapata nafasi mbili kwa wiki, kwa mwezi ni shilingi 120,000. Toa nauli au bando la kutumia michoro, toa karatasi na wino, au toa kidogokidogo deni la kishikwambi ikiwa amehamia kwenye kuchorea humo. Kinachobaki hakilipi kodi ya vyumba viwili na kulisha watu watano. Ndipo wachoraji wengi wakawa wanachorea magazeti matatu au manne kwa wakati mmoja, kila moja kwa mkono tofauti kidogo na jina tofauti la kutia saini, ili mhariri wa hili asione kuwa anashirikiana na lile. Mpango huo ulifanya kazi magazeti yalipokuwa mengi.

Yalipoanza kupungua, yalimpungukia yeye kwanza. Waajiriwa wana notisi na mafao, hata kama hucheleweshwa. Wa kujitegemea hana cha kuandikiwa barua. Hupiga simu, simu haipokewi, akaelewa. Mwaka 2020 Ligi Kuu ilisimama mwezi Machi kwa sababu ya maradhi ya corona na haikurejea hadi Juni, na katika miezi hiyo hapakuwa na bao la kuchora. Mwaka uliofuata kampuni ya New Habari ikasitisha uchapishaji wa magazeti yake, yakiwamo Mtanzania, Rai, Bingwa na Dimba. Mawili ya mwisho yalikuwa ya michezo. Kwa mtu aliyekuwa akitegemea nafasi mbili tatu kwa wiki katika kurasa za namna hiyo, ni kama mvuvi aliyeamka akakuta bahari imerudi nyuma na haikuja tena.

Sababu zinajulikana, na si vyema kumlaumu mtu mmoja. Matangazo yaliyokuwa yakilipia karatasi na wino yamehamia kwenye simu. Wapo wanaosoma vichwa vya habari wamesimama mbele ya meza ya muuza magazeti, wakamaliza, wakaenda zao. Redio zimekuwa zikiyasoma magazeti asubuhi kwa kirefu mpaka mwaka 2017 Serikali ikaelekeza visomwe vichwa vya habari tu. Baya zaidi ni makundi ya WhatsApp, ambamo gazeti zima huingia alfajiri likiwa limepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na wanaolisambaza ni watu wema, wanaoswali, ambao hawangethubutu kuchukua andazi moja katika sinia ya jirani bila kulipa. Katuni ndiyo husambazwa zaidi ya yote, kwa sababu ni nyepesi na inachekesha. Aghalabu saini ya mchoraji huwa imekatwa pembeni.

Wala si letu peke yetu. Mwaka 2019 gazeti la New York Times liliacha katuni za kisiasa katika toleo lake la kimataifa. Mwaka 2023 kampuni ya McClatchy ya Marekani iliwaachisha kazi kwa siku moja wachoraji watatu, na wote watatu walikuwa wamewahi kupata tuzo ya Pulitzer. Tulipomweleza ndugu yetu habari hiyo alicheka, akasema kwamba wenzake wa Marekani angalau wameachishwa, yeye hajawahi kuajiriwa.

Kamari inapobisha hodi

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Anayelipa vizuri katika uwanja wa michezo hivi sasa ni mwenye kampuni ya kubashiri matokeo. Jina la kampuni ya namna hiyo lilikaa vifuani mwa Simba na Yanga kwa pamoja tangu mwaka 2017, na vibanda vya kubashiri vimejaa kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Tandale na Manzese. Kurasa za michezo zimejaa matangazo yao. Kwa hiyo si ajabu kwamba mchoraji anayezijua timu, anayewajua wachezaji kwa miguu yao na mashabiki kwa vitambi vyao, atafuatwa na watu hao.

Ndugu yetu alifuatwa. Aliombwa atoe mfululizo wa katuni za kijana wa mtaani anayebashiri, anashinda, ananunua pikipiki, anaoa. Malipo yaliyotajwa yalikuwa sawa na yale anayoyapata kwa miezi mingi ya kusubiri vocha za magazeti, na nusu yake ingelipwa kabla ya kuchora. Wakati huo kulikuwa na gazeti moja lenye deni lake la muda mrefu, na kila alipokwenda kuulizia aliambiwa mhasibu yuko benki. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuja mara mbili.

Alikwenda kwa mkewe kabla ya kwenda kwa sheikh, na tunaona alifanya vyema. Mama huyu hukaanga vitumbua na kuviuza tangu baada ya swala ya Alfajiri, na katika mwezi mbaya vitumbua ndivyo vinavyolisha nyumba. Alimuuliza mumewe swali moja: huyo kijana wa kwenye katuni, kule mtaani wanamjua aliyenunua pikipiki kwa njia hiyo, au wanamjua aliyeuza? Mume hakujibu, kwa sababu kijana aliyeuza ni jirani yao wa ukuta kwa ukuta.

Hukumu ya kamari haina utata. Sura ya Al-Maida, aya ya 90, imeiweka pamoja na ulevi, na wanazuoni hawakuhitilafiana katika hilo. Anayechora tangazo lake si mchezaji wa kamari, lakini anamwitia mwingine, na kanuni ya kutosaidiana katika dhambi inamgusa. Ndugu yetu alikataa. Tungependa kuandika kwamba siku ya pili mlango mwingine ukafunguka, kama inavyosimuliwa katika visa vya kuwatia moyo watoto. Haikuwa hivyo. Familia ilihama kutoka vyumba viwili kwenda kimoja, wakakaa hapo karibu mwaka mzima, na kazi ile ya matangazo ilifanywa na mchoraji mwingine, ambaye naye ana watoto. Yeye hamlaumu mwenzake. Sisi tunaona lawama kubwa ni ya yule aliyekaa na deni la mchoro uliokwisha kuchapishwa, ukauzwa na kuliwa. Mtume wetu (SAW) alituelekeza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la mchoraji linakauka, linakuwa chumvi, na bado anaambiwa mhasibu yuko benki.

Swali la taswira

Wapo wasomaji ambao wamefika hapa wakiwa na swali jingine: je, kazi yenyewe ya kuchora viumbe inafaa? Hatuandiki fatwa katika ukurasa wa familia, ila si haki kulikwepa, kwa sababu vijana wengi wa Kiislamu wenye kipaji hiki wanaliuliza, na baadhi yao wameacha kalamu bila ya kuelekezwa kwingine.

Imepokewa katika Sahihi mbili kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (RA) akamweleza kuwa maisha yake yanategemea kazi ya mikono yake, naye anatengeneza picha. Ibn Abbas alimsomea onyo alilolisikia kwa Mtume (SAW) juu ya watengeneza picha. Yule mtu alishtuka sana, ndipo akaambiwa kwamba kama hana budi, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Sisi tunakipenda kisa hiki kwa sababu mwanachuoni yule hakuishia kwenye onyo. Aliitazama na riziki ya muulizaji. Katika madhehebu yetu ya Shafi wengi wameshikilia ukali kwa picha za viumbe vyenye roho. Katika Maliki wapo waliotofautisha kati ya sanamu lenye kivuli na mchoro ulio bapa, wakauona huu wa pili kuwa ni makuruhu. Wanazuoni wa zama hizi nao wana maneno marefu juu ya picha za kamera na za mafunzo. Mwenye kazi na amwendee mwanachuoni anayemwamini, ampelekee michoro yenyewe aione, asimpelekee neno "katuni" peke yake.

Ndugu yetu alifanya hivyo, na tangu hapo sehemu kubwa ya michoro yake haina watu. Viatu vinagombana. Nyavu zinalalamika kuchoka. Mwamba wa goli unaomba likizo. Mpira umekaa kwenye baraza ya mwenyekiti wa klabu ukisubiri kuitwa. Mhariri mmoja alimwambia kuwa katuni zake zimekuwa nzuri zaidi kuliko zamani, bila kujua sababu. Tatizo, anasema, ni Simba: mnyama ana roho, na klabu haikubali kuchorwa kwa alama nyingine.

Lipo na suala la kejeli, ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko watu wanavyolichukulia. Aya ya 11 ya sura ya Al-Hujurat inakataza watu kudharau watu na kuitana majina mabaya. Utani wa Simba na Yanga una mipaka yake ya kimila, na wanaoujua wanajua pa kukoma. Mchoraji akichora beki aliyepitwa kirahisi, akamchora kama mlango uliosahauliwa wazi, huo ni utani juu ya kitendo. Akichora unene wa mtu, kilema chake, weusi wake au kabila lake, hapo ametoka uwanjani. Ndugu yetu aliwahi kurudishiwa mchoro na kuambiwa auongezee ukali kwa kuifanya pua ya mchezaji iwe kubwa. Aliongeza ukubwa wa goli lililokoswa. Ulichapishwa hivyohivyo.

Wanavyoishi

Ni vigumu sasa, katika Temeke au Kinondoni, kumpata mchoraji wa kujitegemea anayeishi kwa katuni za gazeti peke yake. Wengine wanaandika mabango ya maduka na ubavuni mwa daladala. Wengine wanapamba kuta za shule za awali kwa herufi na matunda. Wengine wanachora katika vitabu vya kiada na vipeperushi vya afya, kazi ambayo hulipa vizuri ila huja mara mbili kwa mwaka. Kijana mmoja wa Tandale, mdogo kwa ndugu yetu kwa miaka kumi na mitano, hajawahi kukanyaga chumba cha habari. Anachora kwenye kishikwambi, anaweka katuni mtandaoni dakika kumi baada ya filimbi, na kipato chake hutoka kwa wauza jezi wanaotaka mchoro wa kuchapa kwenye fulana. Anatazamwa na maelfu ya watu. Tulipomuuliza wangapi wamewahi kumlipa, alihesabu kwa vidole, na vidole vilibaki.

Mtandao nao si shamba lisilo na mwenyewe. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya maombi ya shilingi 100,000 na leseni ya shilingi 1,000,000 kwa watoa huduma za maudhui, na ingawa kanuni hizo zimefanyiwa marekebisho, kijana anayetaka kugeuza ukurasa wake kuwa chombo kamili hana budi aulize kwanza katika ofisi za Mamlaka ya Mawasiliano badala ya kutegemea maneno ya kijiweni.

Kipanya alionyesha njia nyingine, kwamba jina lililojengwa na katuni linaweza kubeba mzigo mwingine: akawa mtangazaji wa redio, akauza nguo, na mwezi Machi 2022 akazindua gari dogo la umeme. Lakini tusiwadanganye vijana. Mmoja anapofika huko, nyuma yake wamebaki mamia na kalamu zao. Mfano unaokaribiana zaidi na hali ya mtu wa kawaida, kwa maoni yetu, uko Kinondoni kwenyewe. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi za mafuta mwaka 1968, akafa mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka arobaini tu. Wanafunzi na jamaa zake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora pamoja kule Oysterbay, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Unaweza kupenda michoro ile au usiipende, lakini mnunuzi anapofika anakuta bei, anakuta watu na anakuta mahali. Wachoraji wa katuni za michezo kila mmoja anapiga simu peke yake, na anayepokea anajua kwamba yupo mwingine atakayekubali nusu ya bei.

Kuna na sheria ambayo wengi wao hawaitumii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inalinda kazi za michoro, na COSOTA ndiyo ofisi iliyowekwa kuisimamia. Ulinzi huo unadumu maisha yote ya mchoraji na miaka hamsini baada ya kifo chake, kwa hiyo lile sanduku la bati chini ya kitanda ni sehemu ya mirathi. Hili tunaliandika kwa ajili ya wake na watoto. Mchoraji akifariki, watu hugawana redio na kabati, na karatasi huwashiwa moto wa kuchemshia maji. Ziwekwe, ziandikwe tarehe na mahali zilipochapishwa, na usia utaje nani azitunze. Na angali hai, kila mchoro uendao kwa mhariri uandamane na ujumbe mfupi unaotaja bei, siku ya malipo na kama unaruhusiwa kutumika mara moja au zaidi. Ujumbe wa simu ukijibiwa "sawa" ni ushahidi.

Kwa mzazi anayeposwa binti yake na kijana wa namna hii tunalo neno. Ndugu yetu anakumbuka alivyoulizwa na baba mkwe wake mtarajiwa. "Unafanya kazi gani?" "Ninachora, mzee." "Najua unachora. Kazi unafanya wapi?" Mzee yule alikuwa na haki ya kuuliza, kwani matumizi ya mke ni wajibu na hayalipwi kwa kipaji. Lakini swali linalofaa si la wapi. Muulizeni mwezi mbaya kabisa katika mwaka aliingiza nini, na alifanya nini mwezi huo. Aliyejibu kwamba alipaka rangi mabango, akalipa kodi kwa kuchelewa wiki mbili na hakukopa kwa riba, huyo anajua kazi yake. Wale wa mchezo wa upatu mtaani wanaweza kumsaidia zaidi kuliko mkopo wa simu, maana zamu yake huja nzima bila ziada juu yake, na akiomba apewe zamu ya wakati ligi iko mapumzikoni na kurasa hazina mechi, atakuwa amepanga vizuri.

Tumebakiwa na jambo moja la misikiti yenyewe. Kamati nyingi zinapohitaji bango la Ramadhani, kadi ya mwaliko wa Maulid au michoro ya madrasa humkumbuka mchoraji wa jirani, kisha humwomba afanye fii sabilillah. Fundi wa bomba halipwi kwa dua, wala mwenye lori la mchanga. Mchoraji akitaka kutoa sadaka na aitoe, lakini aulizwe bei kwanza, ndipo yeye mwenyewe aseme anasamehe kiasi gani. Kamati yetu ilihitaji michoro ya hatua za udhu kwa watoto wa madrasa. Tulimwita ndugu yetu, akataja bei, mweka hazina akaiandika katika daftari, na fedha zilitolewa siku ileile alipoleta kazi. Alichora mikono, miguu, birika na maji yanavyomwagika, na pale ilipohitajika sura ya mtu aliacha duara jeupe lisilo na macho wala mdomo. Watoto walipogawiwa nakala wakaanza kuzipaka rangi, na wawili kati yao, mmoja wa Simba na mmoja wa Yanga, wakamvika yule mtu wa udhu jezi.